Nje ni ya nani? Viti vya plastiki, hifadhi ya barabara na migahawa ya uswahilini Dodoma

Jua la Dodoma likishazama, hewa hubadilika ghafla. Mwanga ule mkali na vumbi la mchana vinatulia, upepo unapoa, na watu wanatoka kutafuta chakula. Ukipita Area D au Ilazo saa mbili usiku utakuta migahawa imetandaza meza hadi kwenye vitofali vya mbele, taa zimening'inizwa, mwamvuli wa kampuni ya soda umesimama pembeni, magari yameegeshwa kwa mstari. Ukikata kwenda Chang'ombe au Nkuhungu saa hiyohiyo, utakuta viti vilevile vya plastiki, chipsi zilezile, mishkaki ileile, na pengine mpishi mwenye mkono mzuri zaidi. Kinachobadilika ni jina. Kule panaitwa sehemu ya nje. Huku panaitwa uvamizi wa barabara.

Siku moja nilikuwa nasubiri ugali na mlenda kwa mama ntilie mmoja wa mitaa hiyo, wakafika mgambo wawili. "Mama, meza hizi zitoke." Akajibu bila kuacha kusonga: "Sawa baba, mwacheni huyu amalize kula." Wakaniacha, nami nikala harakaharaka kama mwizi. Meza zikaingizwa ndani, chumba chenye nafasi ya watu wanne na majiko mawili. Wateja waliokuwa nyuma yangu wakatazamana, wakaondoka. Kesho yake meza zilikuwa nje tena.

Wengi wetu tunaona jambo hilo kama ugomvi wa kila siku kati ya mgambo na wafanyabiashara wadogo, tunapita. Lakini ndani yake mna swali la mipango miji ambalo miji mikubwa duniani imelihangaikia kweli: mji ukiamua kuruhusu watu wale nje, ruhusa hiyo inamfikia nani?

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mtu atadhani tunazungumzia upepo mzuri tu. Chukua mfano wa kubuni. Mama ntilie ana chumba cha watu wanane. Chakula cha mchana kinauzwa kwa saa mbili na nusu hivi, na kila kiti kinakaliwa mara tatu. Hizo ni sahani 24. Ukiuza sahani kwa Sh 2,500, ni Sh 60,000. Akiongeza meza mbili za watu wannewanne nje, mauzo yanakuwa mara mbili, ilhali kodi ya chumba, mshahara wa msichana wa kuosha vyombo na moto wa jikoni havikuongezeka mara mbili. Faida ya biashara ya chakula cha bei ya chini inakaa kwenye kiti cha mwisho. Viti vya kwanza vinalipa gharama tu. Ndiyo maana mtu aliyefukuzwa leo anarudi kesho: akibaki ndani, biashara haina maana.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Kabla ya mwaka 2020, jiji la New York lilikuwa na vibali vya migahawa ya kando ya barabara, lakini vilikuwa vya gharama na vya mlolongo mrefu, na sehemu kubwa vilikuwa Manhattan, kwa wenye pesa. Uviko-19 ulipofunga watu wasile ndani, Juni 2020 jiji likafungua mlango: mwenye mgahawa alijaza fomu mwenyewe kwenye mtandao, akathibitisha mwenyewe kuwa ametimiza masharti, hakulipa ada, akaweka meza. Migahawa zaidi ya 12,000 ilijiunga, ikiwemo ya mitaa ya Queens, Brooklyn na Bronx ambayo haikuwahi kufikiria kuomba kibali cha namna hiyo.

Baadaye jiji likataka utaratibu wa kudumu. Sheria ikapitishwa mwaka 2023: leseni ya miaka minne kwa dola 1,050 kwa anayetumia njia ya waenda kwa miguu, na juu yake kodi ya eneo kwa kila futi ya mraba, michoro, na sharti kwamba meza za kwenye lami zikae kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Novemba, kisha vibanda vya mbao vilivyojengwa juu ya lami vibomolewe na kuhifadhiwa. Sababu zake hazikuwa za kijinga. Kulikuwa na panya, kelele, na vibanda vilivyotelekezwa. Lakini kufikia siku ya mwisho ya maombi ya mwanzo, Agosti 2024, walioomba walikuwa takriban 3,000. Mwenye ghala la kuhifadhi mbao wakati wa baridi alibaki. Mwenye duka la chakula la upana wa mlango mmoja alitoka.

Nimeileta habari hiyo kwa sababu moja tu. Kanuni iliyoandikwa sawasawa kwa wote, ada ileile, fomu ileile, mchoro uleule, ilichuja watu kwa uwezo wao bila kumtaja maskini hata mara moja. Huko San Francisco, walipofanya mpango wao wa kuruhusu biashara zitumie barabara kuwa wa kudumu mwaka 2021, ilibidi wafikirie ruzuku kwa wafanyabiashara wa mitaa iliyoachwa nyuma, kwa kutambua kwamba kibali peke yake hakinunui meza.

Rudi Dodoma. Hapa neno "nje" lenyewe lina wenyewe wengi, na fujo nyingi zinaanzia hapo.

Kuna nje iliyo ndani ya kiwanja. Hiyo ni baraza, au ule uwazi ambao ramani ya ujenzi inataka uachwe kati ya ukuta na mpaka. Mwenye mgahawa Area D mara nyingi ameweka meza zake hapo, kwenye ardhi ya mwenye nyumba, na hakuna wa kumuuliza. Kuna nje ya pili, hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Dodoma ni njia panda ya nchi: barabara za kwenda Dar es Salaam, Singida, Iringa, na Arusha kupitia Kondoa zote zinakutana mjini, na zote ni za TANROADS, wakala wa taifa wa barabara kuu na za mikoa. Zile alama za X unazoziona kwenye kuta, nyekundu kwa asiyestahili fidia na kijani kwa anayestahili, zinatokana na mita hizo. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza Julai 2017. Na kuna nje ya tatu, maeneo ya wazi na masoko, ambayo ni ya halmashauri ya jiji.

Kwa hiyo mama ntilie anayeweka meza kando ya barabara anaweza kuwa na leseni safi kabisa kutoka kwa afisa biashara wa jiji, na bado akawa amekaa kwenye ardhi ya taasisi nyingine ambayo haikuhusika na leseni hiyo. Anayempa risiti si anayemwondoa. Yeye anaona serikali ni moja: jana imepokea pesa yangu, leo imepindua sufuria langu.

Lakini kwa nini Area D wana baraza na Chang'ombe hawana? Hapo lazima turudi nyuma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mwaka 1976 ukatoka mpango kabambe ulioandaliwa na kampuni ya wapanga miji kutoka Kanada, wenye viwanja, barabara na maeneo ya kijani. Mji uliochorwa ulikuwa mzuri. Watu waliokuja kuujenga, kuulinda, kuufagia na kuupikia hawakupata nafasi ya kutosha kwenye mchoro, wakajenga pembeni. Chang'ombe ilikua hivyo. CDA ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikaenda kwa halmashauri, na Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 765,179. Serikali ilihamia, mabasi yakaongezeka, treni ya umeme ikaanza kufika Julai 2024. Wote hao wanakula.

Katika mtaa ambao haukupimwa mapema, ukuta wa nyumba ndio ukingo wa njia. Hakuna uwazi ulioachwa, hakuna njia ya waenda kwa miguu, wala mfereji wenye mfuniko. Mgahawa wa hapo, nje yake yote ni barabara. Basi ukitangaza kesho kwamba "migahawa yote inaruhusiwa kuweka meza mbele ya eneo lake", umetoa ruhusa kwa waliokuwa na mbele. Wengine umewapa karatasi.

Leseni nayo ina pengo lake, na hili ndilo huwa nalisimulia zaidi nikikutana na watu wa halmashauri. Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh 20,000, kwa mtu ambaye mauzo yake ghafi hayazidi Sh milioni 4 kwa mwaka. Kwa wengi kilikuwa ngao. Nimemwona muuza maandazi akikivaa shingoni kama medali. Lakini gawa milioni 4 kwa siku 300 za kazi: unapata Sh 13,333 kwa siku. Kwa sahani ya Sh 2,000, hizo hazifiki hata sahani saba. Mama ntilie yeyote mwenye meza mbili amekivuka kiwango hicho kabla ya saa saba mchana. Si mmachinga tena kwa hesabu. Na wala si mgahawa wa kueleweka, maana ili aingie kwenye leseni ya kawaida anatakiwa awe na namba ya mlipa kodi, mkataba wa pango, eneo linalokubalika na afisa afya, na choo. Mkataba wake wa pango ni wa mdomo. Choo ni cha mwenye nyumba, wanachangia kaya tano.

Huyo wa katikati ndiye anayelisha mafundi, madereva wa bajaji na bodaboda, wanafunzi wa vyuo na makarani wanaosubiri mshahara. Ndiye pia ambaye mpango wowote wa meza za nje ungemfaa kuliko wote, na ndiye ambaye hana fomu ya kujaza.

Nisije nikaonekana natetea tu. Afisa afya ana hoja. Dodoma ni nchi ya vumbi, na kuanzia Juni upepo wa hapa hauombi hodi. Ukiacha maharage wazi dakika tano utakula mchanga. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inamtaka mpishi apimwe afya na chakula kilindwe, na kipindupindu hakijui uswahilini wala uzunguni. Askari wa usalama barabarani ana hoja: meza iliyowekwa mita mbili kutoka kwenye lori la Singida ni ajali inayosubiri. Na kuna mtu ambaye hatajwi kabisa katika ugomvi huu, asiyeona anayepita na fimbo yake, au mwenye kiti cha magurudumu. Meza zikiziba njia, yeye ndiye anayesukumwa kwenye lami. Kiti cha magurudumu kinahitaji kama mita moja na nusu ili kigeuke. Mpango wa haki kwa mpishi unaomfukuza huyu barabarani hauna haki yoyote.

Mwenye nyumba naye tumtazame, maana hoja hii husahaulika. Baraza si ya mpangaji. Siku meza za nje zitakapokuwa halali na zenye faida ya uhakika, kodi ya chumba cha mbele itapanda. Mama ntilie aliyehangaika miaka minne na mgambo anaweza kuja kuondolewa na mwenye nyumba ndani ya mwezi mmoja, kwa upole, kwa maneno ya "dada, kuna mtu ametoa zaidi". Kibali kikitolewa kwa jina la anayepika, si kwa jina la jengo, angalau anakuwa na kitu mkononi cha kuhama nacho.

Dawa inayopendekezwa mara kwa mara ni kuwahamisha wote kwenye eneo moja lililojengwa vizuri. Dodoma ina soko la machinga kwenye barabara ya Bahi, na Nzuguni kuna Soko la Job Ndugai karibu na kituo kikuu cha mabasi. Ni majengo ya maana. Kwa nguo na viatu, huenda mteja akafunga safari. Kwa chakula cha mchana hafungi. Fundi ana dakika arobaini. Atakula umbali wa hatua zake. Chakula ndicho kinachomfuata mtu, na ukikihamisha, wateja hawahami nacho, ila atatokea mama mwingine pale pale kwenye kona iliyoachwa wazi.

Kama ni pesa, njia ipo kwenye sheria tayari. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea 2024. Tatizo lake kwa jambo letu ni kwamba imejengwa juu ya kikundi, na mgahawa ni wa mtu mmoja na moto wake. Lakini kuna mambo ambayo kikundi kinayaweza na mtu mmoja hayawezi: choo cha pamoja, tangi la maji na mabomba ya kunawia, taa. Mama ntilie kumi wa mtaa mmoja wakikopa kwa ajili ya tangi na taa, wametimiza nusu ya masharti ya afisa afya kwa mpigo.

Taa hasa. Watu wanapozungumzia mgahawa wa nje wanafikiria meza na mwamvuli, lakini uswahilini kinachoamua kama biashara inafika saa nne usiku ni taa ya barabarani. Penye giza, wanawake na wanafunzi hawakai. Mfereji nao ni vivyo hivyo. Nkuhungu, maji ya mvua yanapotuama, hakuna kanuni ya meza itakayosaidia. Halmashauri inayotaka haki katika jambo hili ingeanza na mfereji na taa katika mitaa mitatu, kabla ya kuandika fomu.

Kuhusu fomu yenyewe, Dodoma haina haja ya kuiga New York. Ina mnada.

Nenda Msalato siku ya Jumamosi. Ng'ombe na mbuzi wanauzwa upande mmoja, mitumba upande mwingine, na katikati moshi wa nyama choma. Watu wanakula nje, kwenye benchi za mbao, chini ya turubai, mwenye gari la serikali na mchunga ng'ombe bega kwa bega wakigombea chachandu moja. Hakuna anayeita uvamizi. Sababu ni rahisi: mnada una siku yake, una mahali pake, ushuru unajulikana na unakusanywa palepale, na jioni ikiisha uwanja unarudi kuwa uwanja. Wenyeji wa hapa wanaujua utaratibu huu vizazi na vizazi: ardhi ileile inatumika kwa kazi tofauti kwa zamu, bila mtu kudai kuimiliki.

Chukua akili hiyo uilete mtaani. Barabara nyingi za ndani Chang'ombe, Majengo au Kizota hazina magari ya maana baada ya saa moja jioni. Ruhusa inaweza kuwa ya saa, kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, kwa meza zinazobebeka, bila kujenga kitu. Ushuru unaweza kulipwa kwa siku au kwa wiki, kwa idadi ya viti, ili mwenye viti vinane asilipe sawa na mwenye viti themanini. Anayethibitisha ni mwenyekiti wa mtaa pamoja na afisa afya wa kata, kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, badala ya mchoro wa mhandisi. Na TARURA ikubaliane na jiji mara moja tu, mtaa kwa mtaa, ni barabara zipi zinaingia na zipi haziingii, ili mama asibebe jukumu la kupatanisha taasisi mbili. Barabara kuu zibaki nje ya mpango. Pale hoja ya lori ni nzito kuliko hoja ya chipsi.

Hata majira yanatusaidia. New York wanasimamisha meza za barabarani wakati wa baridi. Sisi mvua zetu zinaanza karibu Desemba na kukoma karibu Aprili, na miezi iliyobaki haidondoki tone. Kibali cha Mei hadi Novemba kingekaribiana na kalenda yao, ingawa wao wanakimbia theluji na sisi tope.

Yule mama ntilie wangu niliyemtaja mwanzoni hakusubiri haya yote. Nilipopita tena nilikuta mawe matatu yamepakwa chokaa, yamepangwa mstari mbele ya meza zake. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema walipima yeye na jirani yake wa duka kwa kutumia bajaji: waliisimamisha moja, wakapitisha nyingine kando yake, wakaacha na nafasi ya bibi mmoja wa nyumba ya tatu anayetembea kwa magongo. Palipobaki, wakaweka mawe. Mwenyekiti wa mtaa alikuja akatazama, akacheka, akaagiza wali maharage. Mgambo wamepita mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza waliuliza mawe ni ya nini. Mara ya pili waliangalia kama meza zimeyavuka.